Mkono Usio na Haraka

Ubao wa mbambakofi ulikuwa umelala mezani tangu asubuhi, na fundi alikuwa bado hajautia chuma. Aliukagua upande mmoja, akaugeuza, akaukagua upande wa pili. Alipitisha kiganja taratibu kuzifuata nyuzi za mti zinakoelekea, akasimama mahali penye kifundo kidogo, akapazungushia alama kwa kalamu ya risasi ili apaepuke. Nje, kwenye kichochoro cha Mji wa Kale wa Mombasa, mikokoteni ilipita na muuza kahawa aliliza vikombe vyake. Mle ndani hakuna aliyekuwa akikimbizwa.

Kisha akachukua bikari. Alikita mguu mmoja wa bikari katikati ya ubao na kwa mguu wa pili akazungusha mduara. Bila kuipanua wala kuibana, akaihamishia ncha juu ya ukingo wa ule mduara, akapiga tao. Pale tao lilipoukata ukingo, akakita tena, akapiga la pili. Akaendelea hivyo, na tao la sita likaangukia palepale alipoanzia. Katikati ya ubao palikuwa pamechanua ua la petali sita, zote sawa, na rula ilikuwa ingali ukutani.

"Ami, mbona hukupima?" nilimwuliza.

"Bikari imepima, mwanangu. Mimi kazi yangu ni kutoitikisa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Nusu ya kipenyo cha mduara huingia mara 6 kamili ukiipigisha hatua kwenye ukingo wake. Wayunani waliliandika jambo hilo katika vitabu vyao vya hesabu, na katika karne ya 9 wasomi wa Baghdad wakavigeuza vitabu hivyo kwa Kiarabu, wakavisherehesha na kuviongezea yao. Mafundi wa nchi za Kiislamu wakaichukua elimu ile wakaitia katika vigae, plasta, shaba na mbao, kuanzia Uajemi hadi Andalusi. Ua lile lilifika pwani yetu kwa njia hiyo ndefu. Fundi niliyeketi naye hakulipata kitabuni. Alilipata kwa mwalimu wake, aliyelipata kwa mwalimu wake, kila mmoja akiwa ameshika bikari, jicho la mwanafunzi likitazama.

Ukitaka kujua Uislamu ulivyokaa Mombasa, zipo hati za wanavyuoni na zipo nasaba za koo. Mimi nimechagua kusoma milango. Tembea polepole Ndia Kuu, ambayo hata jina lake limebaki na matamshi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, kisha upite barabara ya Mbarak Hinawy, na uinue macho kwenye kila kizingiti. Utaona historia ikiwa imeandikwa kwa patasi.

Sifa za maseremala wa mji huu si za jana. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier nchini Morocco, alishuka Mombasa akitokea Mogadishu, akalala usiku mmoja kabla ya kuendelea na safari ya Kilwa. Usiku mmoja ulimtosha kuona mengi. Aliandika kwamba watu wa hapa ni Mashafii, wacha Mungu na wema, na kwamba misikiti yao ni ya mbao, iliyojengwa kwa ufundi mkubwa. Aliona kisima kwenye mlango wa msikiti, kata ya mbao yenye mpini ya kuchotea maji, na mkeka mnene ambao mtu aliyekwisha kuosha miguu hujifutia kabla ya kuingia. Msafiri huyu alikuwa amekwisha kuiona Cairo, Damascus na Makka. Kilichomkaa moyoni Mombasa ni usafi wa watu na kazi ya mbao.

Baada yake, mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za Mombasa na nyumba zake ndefu za mawe na chokaa zilizopangika mitaani, naye pia hakuacha kuisifu kazi ya useremala iliyomo. Lakini mwaka 1505 jeshi la Wareno chini ya Francisco de Almeida lilikuwa limekwisha kuuteka mji na kuutia moto, na mwaka 1528 Nuno da Cunha akauteketeza tena. Jiwe la matumbawe huungua likabaki. Mbao haibaki. Ndiyo maana misikiti aliyoiona Ibn Battuta haipo, na milango mingi tunayoiona leo ni ya karne ya 18, ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mji uliochomwa hivyo ungeweza kuisahau kazi yake. Haukuisahau, kwa kuwa elimu yenyewe haikuwa ndani ya mlango. Ilikuwa mkononi mwa aliyeuchonga, naye alipokimbia moto alikimbia nayo.

Nilimwomba fundi anifungulie kisanduku chake cha vyombo. Akavipanga juu ya mkeka kimoja kimoja: shoka, msumeno, randa, patasi za upana mbalimbali, juba ya kutobolea matundu ya kuungia, bikari, nyundo, kopo la misumari. Nilipokuwa nikivitaja majina, niliona kwamba nataja ramani ya Bahari ya Hindi. Shoka na msumeno ni maneno ya Kibantu, ya watu wa bara hili waliokata miti kabla ya jahazi lolote kutia nanga. Msumari umetoka Uarabuni, na nakshi yenyewe pia. Randa imepita Uajemi. Patasi ni ya Bara Hindi. Vyote vimekaa katika kisanduku kimoja, na mkono mmoja unavitumia asubuhi nzima bila kimoja kumfukuza mwenziwe.

Hivyo ndivyo Uislamu ulivyoenea katika pwani hii kwa sehemu kubwa. Uliletwa na upepo wa kaskazi na watu wa biashara, walioshusha tende, nguo na vyungu, wakasali, wakaoa, wakazika na wakazikwa hapa. Mtu alisilimu akabaki na lugha yake, shamba lake na shoka lake. Dini ikamwongezea kibla, kalenda, herufi na bikari. Na kibla cha Mombasa ni chepesi kukikumbuka, kwa sababu kisiwa hiki na mji wa Makka viko karibu sana na mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini. Mihirabu ya misikiti yetu inaelekea kaskazini, na wazee wetu walilitumia neno kibula kwa maana ya upande huohuo.

Turudi mezani. Mlango wa nakshi una viungo vyake kama mwili. Kuna miimo miwili, mihimili inayosimama kulia na kushoto. Kuna kizingiti cha chini, ambacho mguu hukivuka, na kizingiti cha juu, ambacho ndicho uso wa mlango. Mlango wenyewe una pande mbili. Mmoja huitwa dume na mwingine jike. Katikati husimama mfaa, mti mwembamba uliochongwa kuliko vyote, unaoufunika ufa pale pande mbili zinapokutana. Milango ya kale haikuhitaji bawaba za chuma. Kila upande una ncha juu na chini zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti, na mlango mzito kiasi cha kushindwa kubebwa na mtu mmoja hufunguka kwa kusukumwa na mtoto. Wazee husimulia kwamba fremu ilisimamishwa kwanza, ndipo ukuta ukajengwa kuifuata.

Tazama mwimo kuanzia chini. Mara nyingi utakuta samaki, au kitu ambacho zamani kilikuwa samaki. Magamba yake yamekuwa safu za matao madogo, na mkia wake umekuwa jani. Juu yake hupanda mistari ya mawimbi, kisha mti unaotambaa, unaotoa majani kulia na kushoto kwa zamu mpaka ufike kizingitini. Pembeni hupita mnyororo uliosukwa, pete ndani ya pete. Wenyeji huusoma kila mmoja kwa namna yake: samaki ni riziki na uzazi, mnyororo ni ulinzi wa nyumba, yungiyungi ni uzima. Mafundi wenyewe hawabishani juu ya maana. Wanachobishania ni kama jani limepinda sawasawa.

Samaki yule aliyekaribia kuwa jani ana mafunzo yake. Itikadi ya tauhidi imewafanya Waislamu wengi wajiepushe na kutengeneza sura za viumbe wenye roho, kwa kuwa uumbaji ni wa Mwenyezi Mungu pekee. Mtu angedhani katazo hilo lingemnyima fundi kazi. Lilimfungulia uwanja mwingine. Mkono uliozuiwa kuchonga uso ulijifunza kuchonga mmea, duara, nyota na herufi, na ukavichonga kwa kina ambacho usingekifikia kama ungekuwa na uso wa kuuegemea. Jani linarudiwa mara arubaini kwenye mwimo mmoja, na jicho halichoki, kwa kuwa mstari hauna mwanzo unaouona wala mwisho unaoukuta. Msanii wa namna hiyo hasemi, "Nitazameni." Ndiyo maana milango mingi ya Mji wa Kale haina jina la aliyeichonga. Ina Bismillahi, au aya, na pengine mwaka wa Hijria, vyote juu kwenye kizingiti ambapo jicho huinuka. Chini, pale miguu inapopita, haliandikwi neno tukufu. Adabu hiyo hakuna anayemfundisha fundi kwa maneno.

Na mlango wenyewe ni chuo cha adabu. Qurani, katika Sura An-Nur, imewakataza waumini kuingia nyumba za watu kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe; na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mtu akiomba ruhusa mara tatu asiporuhusiwa, arudi. Mswahili ameyakusanya yote hayo katika neno moja: hodi. Mgeni husimama dakani, au huketi barazani, macho yake yakiwa mbele ya mlango. Atafanya nini wakati anangoja? Atatazama. Nakshi ile ni makaribisho ya mwenye nyumba kwa mtu ambaye hajafunguliwa bado. Inamwambia asubiri, na inampa cha kusubiria.

Ndipo nilipoelewa kwa nini nyumba imepambwa mlangoni na msikiti mara nyingi umeachwa mweupe. Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, una mnara mnene unaochongoka kwenda juu, kuta zake zimepakwa chokaa, na ng'ambo ya njia kuna kisima cha maji ya udhu, kama vile Ibn Battuta alivyokuwa amevieleza visima vya misikiti karne mbili na zaidi kabla yake. Nyumba ya Mwenyezi Mungu haihitaji kumzuia mtu nje.

Mlango wa Mombasa haukukaa na sura moja. Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said, sultani wa Oman, kuutwaa mji kutoka kwa watawala wa Kimazrui mwaka 1837, biashara ya pwani ilifungamana zaidi na Unguja, Oman na Bara Hindi. Kizingiti cha juu kilichokuwa kimenyooka kikaanza kupinda kuwa tao. Maua yakanenepa, mashada yakaongezeka, na misumari ya shaba yenye vichwa vilivyochongoka ikaja na mtindo wa Kihindi. Husemwa kwamba huko ilikotoka ilikuwa ya kuzuia tembo wasiusukume mlango. Katika vichochoro vyetu imebaki kuwa pambo na fahari. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Wahindi wengi waliongezeka mjini, na ukitazama juu ya milango leo utaona roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi ya nguo, ambamo upepo huingia na jicho la mpita njia haliingii. Fundi wa Kiswahili aliyaona hayo yote, akachukua yaliyompendeza, akayarudisha kwenye mwimo wake na mfaa wake.

Mchana ulipokaribia, fundi alianza kuchonga majani ya mwimo. Kwanza aliufuata mpaka wa kila jani kwa patasi nyembamba iliyosimama wima, pigo dogo baada ya pigo dogo, ili kuukata uzi wa mti usije ukapasuka kuvuka mstari. Kisha akalaza patasi pana na kuichimbua ardhi, yaani ile sehemu isiyokuwa jani, mpaka jani likainuka lenyewe kana kwamba lilikuwemo mtini likingoja kufunuliwa. Mwisho akaligeuzia jani ubapa wake: upande mmoja akauinamisha, wa pili akauacha juu, katikati akapitisha mshipa mmoja. Kivuli kikaingia. Nakshi ya pwani huchongwa kwa ajili ya jua kali, na kina cha kidole kimoja hutosha kulifanya jani lionekane kutoka mwisho wa kichochoro.

Kila baada ya muda mfupi alisimama na kunoa. Nilihesabu, na muda wa jiwe ulikaribia kulingana na muda wa mti. Patasi butu husukuma. Patasi kali hukata, na mti uliosukumwa hulipiza. Mwanagenzi wake, kijana aliyekuwa akifagia maranda, alikuwa bado hajaruhusiwa kuchonga jani hata moja. Kazi yake ilikuwa kunoa, na kila alipoleta patasi, fundi aliijaribu kwenye kipande cha mbao, kisha mara nyingi akamrudishia bila kusema neno.

Kabla ya adhuhuri kipande kidogo kiliruka kutoka kwenye ncha ya jani. Mimi nilishtuka kuliko yeye. Alikiokota, akakitazama, akakiweka kando. Hakutafuta gundi. Aliurudia mstari wote na kuipunguza ncha ya kila jani lililobaki, moja baada ya moja, mpaka lile lililovunjika likawa ndilo kipimo cha yote. Ilimchukua saa nzima. Ukiuona mwimo ule leo utadhani majani yale mafupi ndiyo aliyoyakusudia tangu mwanzo.

Adhana ilipoanza msikiti mmoja, ukajibu wa pili, ukafuata wa tatu, alilaza patasi ukali wake ukielekea ukutani, akakung'uta maranda magotini na kutoka. Aliporudi hakuendelea alipokuwa ameachia. Alinoa kwanza.

Kazi hii ina marafiki na ina maadui. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na Ngome ya Yesu iliyo mlangoni mwake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inautaja mlango wenyewe: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Nchi imeiheshimu kazi ya seremala kiasi cha kuiandika sheriani, na Wakenya tuna haki ya kujivunia hilo. Lakini nyumba za kale zinabomoka, warithi wanagawana, milango inang'olewa ikaishia kwa wanunuzi wa mbali, na mahali pake panawekwa geti la chuma. Miti migumu imeadimika na bei yake imepanda. Mashine inaweza kukata ua la petali sita kwa dakika chache, na mnunuzi mwenye haraka haoni tofauti.

Tofauti ipo, na inaonekana kwa anayeketi. Ua la mashine ni sawa pande zote kwa sababu mashine haijui kwamba jua la asubuhi hutoka upande mmoja wa kichochoro. Haijui kwamba mti una kifundo cha kuepukwa. Haiwezi kuligeuza kosa kuwa kipimo. Mambo haya huhifadhiwa na mtu, naye humpa mtu mwingine, au huenda nayo kaburini.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wenzangu wa pwani wanaojenga, wawe Mombasa, Malindi, Tanga au Unguja. Mkipiga hesabu ya nyumba, tieni humo mlango mmoja wa mkono. Kama uwezo hautoshi, chongesheni mfaa tu, au kizingiti tu. Mwendeeni fundi mapema, msimharakishe, na mumwulize ana mwanagenzi au hana. Na mzazi mwenye kijana aliyetulia, anayependa kuchora pembezoni mwa daftari, ampeleke akanoe patasi. Sheria inaulinda mlango wa kabla ya 1946. Mlango wa mwaka huu utapatikana tu kama yupo anayejua kuuchonga na yupo aliyekwenda kuuagiza.